Nukta ndani au nje? Alama za Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani, uchague zipi

Kijana mmoja anayetembeza wageni Mapango ya Amboni aliingia dukani kwangu Ngamiani, Tanga, na karatasi mbili mkononi. Zote ni nakala za maelezo yale yale ya Kiingereza, ukurasa mmoja, niliomchapia mwenyewe wiki iliyotangulia. Nakala ya kwanza ilikuwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu na mgeni wa kutoka Uingereza, mwalimu mstaafu. Ya pili imesahihishwa kwa kalamu ya buluu na Mmarekani. Mwingereza kaiacha nukta nje ya alama za mtajo, Mmarekani kaiingiza ndani. Na sentensi yenyewe ni fupi tu:

In Swahili a cave is called "pango".

"Shikamoo dada. Sasa hapa nani mwongo?"

"Marahaba. Hakuna mwongo. Wewe hukuchagua tu."

"Basi nichagulie."

Foleni ilikuwa ndefu, nikamwambia arudi jioni. Haya ninayoandika ni yale niliyomweleza jioni ile, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kufunga duka. Nayaandika kwa sababu hayuko peke yake. Steshenari yangu ni ya kawaida, kompyuta mbili na mashine ya kopi, lakini Kiingereza kinachopita pale ni cha kila namna: barua za kuomba kazi, maombi ya vyuo vya ng'ambo, matangazo ya vyumba vya wageni vya Raskazone, karatasi za mawakala wa forodha wanaokimbilia bandarini. Kila mwenye karatasi ana mtu aliyemwambia kwamba alama zake zimekosewa, na mara nyingi aliyesema hivyo alikuwa amezoea upande mwingine tu.

Pande zenyewe ni mbili, na sisi tumekaa katikati. Waingereza waliichukua Tanga kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakaitawala Tanganyika hadi 1961, na Kiingereza cha shule kikabaki na desturi zao. Kompyuta nazo zimekuja na desturi za Marekani. Nyingi ukizifungua kwa mara ya kwanza unakuta lugha imewekwa Kiingereza cha huko. Mwalimu alikufundisha hivi, mashine inakupigia mstari chini ya hicho hicho ulichofundishwa. Mtu anaona haya bure, anadhani hajui.

Barua moja mara mbili

Njia nyepesi ya kuona tofauti ni kuchukua barua moja na kuiandika mara mbili. Hii ni ya mgeni anayepelekwa kisiwa cha Toten, kile kinachoonekana ukisimama pwani ya mjini. Jina lake limetoka kwenye neno la Kijerumani la wafu. Kwa Uingereza:

Dear Mr Smith,
Your boat leaves Tanga at 10.30 am on 4 March 2026. The island is close – bring only a hat, water and a towel. Our boatman calls it 'the island of the dead'.

Kwa Marekani:

Dear Mr. Smith:
Your boat leaves Tanga at 10:30 a.m. on March 4, 2026. The island is close—bring only a hat, water, and a towel. Our boatman calls it "the island of the dead."

Maneno ni yale yale, ila tarehe na mwezi vimepishana. Alama zimetofautiana mahali tisa. Nukta ya Mr. Mkato au nuktapacha baada ya salamu. Nukta au nuktapacha katikati ya saa. Nukta za am. Mkato wa tarehe. Deshi fupi yenye nafasi pembeni au deshi ndefu iliyobanwa. Mkato kabla ya and. Alama za mtajo moja moja au mbili mbili. Na ile nukta ya mwisho iliyomleta kijana wa Amboni.

Baadhi ya hizi hazina uzito wowote. Nyingine zinaweza kumfanya mtu akose boti.

Nukta ya nani?

Mwingereza akifika mwisho wa nukuu anauliza: nukta hii ni mali ya nani? Ikiwa ni ya maneno aliyoyanukuu, inaingia nayo ndani. Ikiwa ni ya sentensi yake mwenyewe, inabaki nje. Neno "pango" halikuja na nukta yake. Nukta ni ya yule anayeeleza, kwa hiyo Mwingereza akaiacha nje.

Mmarekani hana haja ya kuuliza. Kwake nukta na mkato hulala ndani siku zote, awe mwenye mali nani. Nuktapacha na nuktamkato (;) hulala nje siku zote. Alama ya kuuliza peke yake, pamoja na ndugu yake ya mshangao, ndiyo inayorudishwa kwenye swali la Mwingereza. Ndiyo maana sentensi hii ni sawa London na ni sawa Chicago, kwa kuwa anayeuliza ni mimi:

Did he say "pango"?

Ukinihoji kanuni ipi ni ya haki, nitasema ya Uingereza. Ukinihoji ipi ni nyepesi, nitasema ya Marekani, na kwa mtu anayechapa kurasa 40 kwa siku wepesi si jambo la kudharau. Nilikuwa naipenda sana hiyo ya Marekani mpaka iliponiumbua. Mama mmoja mwenye vyumba vya wageni aliniagiza kadi ndogo za kuweka mezani, zenye neno la siri la intaneti. Nikachapa hivi, nikazitia na laminesheni kabisa:

The password is "bahari2026."

Wageni wakaliandika neno pamoja na nukta yake. Intaneti ikawakataa. Saa tatu usiku simu ikalia: "Mwanangu, umenichapia neno gani hili? Wazungu wamejaa barazani wanalalamika." Nilizichapa upya kwa hasara yangu, safari hii nukta nje. Baadaye nikajua kwamba watu wa kompyuta wa huko huko Marekani nao huivunja kanuni yao panapohusika maneno ya kuandikwa herufi kwa herufi. Neno la siri, namba ya mzigo, anwani ya tovuti: hapo toa nukta nje hata kama karatasi nzima ni ya Kimarekani. Au bora zaidi, liweke neno kwenye mstari wake peke yake bila nukta yoyote.

Moja moja au mbili mbili, na shida ya Mng'aro

Vitabu vingi vinavyochapwa Uingereza huanza na alama za mtajo moja moja, na nukuu ikiwa ndani ya nukuu wanaweka mbili mbili. Marekani ni kinyume. Mtu wa London anaweza kuchagua apendavyo, lakini sisi tuna jambo ambalo yeye hana, nalo ni ritifaa ya ng'.

Chukua jina la Mng'aro, kule Lushoto, uliweke ndani ya nukuu ya Kiingereza ya moja moja:

'The bus to Mng'aro has left,' he said.

Msomaji mgeni akifika kwenye Mng anadhani nukuu imefungwa. Anarudi nyuma, anasoma tena, anakutana na aro has left, anashangaa. Kwenye kompyuta, alama ya kufunga nukuu ya moja moja na ritifaa ni mdudu yule yule, hakuna macho yatakayozitofautisha. Weka aya moja yenye ng'ombe, ng'ambo na majina mawili ya watu yenye ng', utakuwa umemwagia msomaji dagaa mezani achambue.

Hapa nahamia Marekani bila aibu. Alama mbili mbili, kila karatasi, hata inayokwenda Uingereza. Na wala si usaliti, kwa sababu magazeti mengi ya Uingereza yenyewe hutumia mbili mbili. Kinachokuwa cha Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani ni pale unapoiweka nukta.

Mkato wenye kesi mahakamani

Katika orodha ya vitu vitatu au zaidi, je, kabla ya and uweke mkato? Watu hudhani hili nalo ni Uingereza dhidi ya Marekani. Si hivyo kabisa. Mkato huu una jina la Oxford kwa sababu wapiga chapa wa chuo kikuu cha huko ndio walioukumbatia, ilhali magazeti mengi ya Uingereza yanauacha. Marekani, mwongozo wa Chicago unaosimamia vitabu vingi unautaka, na mwongozo wa shirika la habari la Associated Press kwa kawaida hautaki katika orodha nyepesi. Ugomvi huu umepita katikati ya nchi zote mbili.

Miongozo yote hiyo ilianza kama kanuni za ndani za viwanda vya uchapaji. Horace Hart, msimamizi wa matbaa ya Oxford, alizichapa za kwake mwaka 1893 ili mafundi wake wasibishane. Chicago wakatoa kitabu chao mwaka 1906. Nalitaja hili kwa sababu watu huniletea kanuni hizi kana kwamba zimeshushwa. Zilitungwa na watu wenye wino mikononi ili kazi iende.

Na kazi isipokwenda, gharama yake huonekana. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ya malipo ya saa za ziada iliwaacha nje wafanyakazi wa shughuli kadhaa za vyakula vinavyoharibika, na orodha ya shughuli hizo iliishia hivi:

storing, packing for shipment or distribution of

Hakuna mkato baada ya shipment. Madereva wa kampuni moja ya maziwa wakasema: sisi tunasambaza, hatufungashi, na sheria hii inavyosomeka inataja kufungasha tu, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Kampuni ikasema hapana, kusambaza ni shughuli inayojitegemea. Mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2017 ikaona maneno yana utata, na utata ukawafaa madereva. Mwaka 2018 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Bunge la jimbo nalo liliiandika orodha upya, na safari hii likatenganisha kila kitu kwa nuktamkato.

Mawakala wa forodha wanaokuja kwangu na mikataba ya kufungasha na kusafirisha mkonge, hii ni yenu. Maneno packing, shipment na distribution yamo ndani ya karatasi zenu kila siku.

Kwa mtu wa kawaida, hatari inakuwa ndogo lakini ya kuchekesha zaidi. Mhitimu mmoja aliandika kwenye shukrani zake:

I thank my parents, the imam and the headmaster.

Bila mkato wa pili, wazazi wake ni imamu na mwalimu mkuu. Sitaki kuwaficha kwamba mkato nao huweza kuleta balaa lake. Ukiandika I thank my mother, a nurse, and the imam, mtu hajui kama mama ndiye muuguzi au muuguzi ni mtu wa tatu. Hapo panga upya orodha. Ila kwa jumla mimi nauweka, na ninauweka kila mahali ili nisije nikausahau siku unapohitajika.

Deshi, Mr na vidogo vingine

Deshi ndefu iliyogusana na maneno pande zote mbili ndiyo ya vitabu vya Marekani. Deshi fupi kidogo, yenye nafasi kushoto na kulia, ndiyo utakayoikuta sana Uingereza, ingawa wale wale wa Oxford wana yao ndefu. Programu ya Word inakuchagulia bila kukuambia: ukiandika neno, vistari viwili, neno, bila nafasi, inakupa deshi ndefu, ukiandika neno, nafasi, kistari, nafasi, neno, inakupa fupi. Kwa hiyo karatasi iliyochapwa na watu wawili huwa na zote mbili. Mimi natumia fupi, kwa sababu mistari haikatiki vibaya kwenye karatasi nyembamba za matangazo.

Mr na Dr: Uingereza haziwekewi nukta, kwa hoja kwamba kifupi kinaishia na herufi ya mwisho ya neno lenyewe, hakuna kilichokatwa mkiani. Prof. imekatwa mkia, ndiyo maana wapo wanaoiwekea. Marekani zote nukta. Baada ya e.g. na i.e. Mmarekani huongeza mkato, Mwingereza kwa kawaida haongezi. Hakuna atakayekunyima kazi kwa hili. Twende.

Saa na tarehe, ndipo penye hasara

10.30 na 10:30 wote wanaelewa. Shida ya saa ni yetu wenyewe, ya saa nne na nusu. Hiyo haina alama ya kuitibu, ni kumwambia mgeni mapema kwamba sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza.

Tarehe ni jambo jingine. Ukiandika 4/11 unamaanisha tarehe nne Novemba. Mmarekani anasoma Aprili 11. Kijana wa Amboni ana aya kuhusu mapigano ya Tanga kati ya Waingereza na Wajerumani, na alikuwa ameandika 4/11/1914 kwa sababu ndivyo alivyofundishwa shuleni. Mgeni wake wa Marekani, kama angejua historia kidogo tu, angeshangaa: Aprili 1914 vita hata havijaanza. Kwenye historia hilo ni la kucheka. Kwenye kuhifadhi chumba ni la kulia. Mwenye nyumba mmoja niliyemchapia barua ya kuthibitisha alimwandikia mgeni 5/8, akamtayarishia chumba Agosti, na mgeni akateremka Mei na masanduku yake wakati chumba kina mtu mwingine. Barua ilitoka kwenye mashine yangu, kwa hiyo sehemu ya lawama niliila mimi.

Tangu hapo mwezi naandika kwa neno, kila barua, na simwulizi mteja. 5 August 2026 ni ya Uingereza na haihitaji mkato. August 5, 2026 ni ya Marekani, na wengi husahau kwamba sentensi ikiendelea wanataka mkato wa pili baada ya mwaka. Hiyo peke yake inanitosha kuchagua ya Uingereza: alama chache, nafasi chache za kukosea.

Kwenye namba, Uingereza na Marekani wanakubaliana: mkato kwenye maelfu, nukta kwenye sehemu za kumi. Ni bara la Ulaya wanaogeuza. Karatasi ya mizigo kutoka Ujerumani ikisema 1.500, wakala asifikiri ni kilo moja na nusu. Na ile alama yetu ya /= tunayoibandika mwisho wa bei, 1,000/=, usiipeleke kwenye barua ya ng'ambo. Asili yake ni hesabu ya zamani ya Waingereza, 5/- ikiwa shilingi tano na peni hakuna. Wenyewe waliachana na shilingi mwaka 1971, na mgeni kijana wa London ataikodolea macho.

Makosa ambayo hayana pande mbili

Karatasi nyingi zinazorudishwa kwangu zina wino mwekundu mahali ambapo London na Chicago hawabishani hata kidogo, na mwenye karatasi anajitetea kwamba "hiyo ni ya Kimarekani." Si ya Kimarekani.

La kwanza ni mkato unaounga sentensi mbili nzima. Kosa hili linatoka nyumbani kwetu, na nina huruma nalo. Kwa Kiswahili unaandika: Boti ilichelewa, tukasubiri gatini. Safi kabisa. Ile -ka- ndani ya tukasubiri ndiyo kamba inayofunga tukio la pili kwenye la kwanza, mkato unapumzisha pumzi tu. Sasa ipeleke Kiingereza kama ilivyo:

The boat was late, we waited at the jetty.

Kamba imebaki Tanga. Kiingereza hakina -ka-, na mkato hauna nguvu ya kushika sentensi mbili peke yake. Una njia tatu. Weka nukta, zikae mbalimbali. Weka so baada ya mkato, ndiyo kamba ya kununua. Au weka nuktamkato:

The boat was late; we waited at the jetty.

Nuktamkato ilizaliwa Venice mwishoni mwa karne ya 15, kwa mchapaji Aldus Manutius, na tangu siku hiyo watu wanaiogopa. Kazi yake hii ni nyepesi: pande zote mbili ziwe sentensi zinazoweza kusimama peke yake, na ziwe na undugu. Usipokuwa na uhakika, weka nukta. Sijawahi kuona barua iliyokataliwa kwa wingi wa nukta. Wapo watakaokuonyesha sentensi tatu fupi fupi za Kiingereza zilizounganishwa kwa mikato, na ni kweli zinaruhusiwa zikiwa fupi na za mwendo mmoja. Ukiwa bado unajifunza kuogelea, usianzie kwenye mkondo.

La pili ni ritifaa. Sisi tunaijua tangu darasa la kwanza, lakini kwetu inakaa ndani ya sauti, ng' tofauti na ng, basi. Haina habari na mali ya mtu. Kwa hiyo tukiiona kwenye Kiingereza tunaitawanya kama pambo. Ubao wa chakula unasema chip's na prawn's. Wingi hauna ritifaa, Uingereza wala Marekani. It's ni kifupi cha it is. Its ya kumiliki haina ritifaa, kama ambavyo his haina. Kabla ya kuandika, isome sentensi kwa it is. Isipoleta maana, ondoa alama.

Kwa majina ya mahali na ya biashara usitafute kanuni, nakili kama ilivyo kwenye ubao wao. Harrods haina ritifaa, McDonald's inayo. Kwenye reli ya chini ya London kuna kituo cha Earl's Court chenye ritifaa, na kituo cha Barons Court, jirani kwenye njia hiyo hiyo, kisicho nayo. Marekani tangu mwaka 1890 bodi yao ya majina ya mahali huzing'oa ritifaa za kumiliki kwenye ramani za serikali, isipokuwa majina machache sana, Martha's Vineyard likiwa mojawapo. Wenyewe hawajakubaliana, wewe wa Ngamiani utawapatanisha?

Kwa hiyo uchague zipi?

Karatasi inayobaki nchini, kwa shule, kwa ofisi, kwa barua ya kazi: ya Uingereza. Ndiyo aliyofundishwa atakayeisoma, na mtu akisoma barua yako ya kazi huku anajiuliza nuktapacha baada ya Dear Sir imetoka wapi, tayari macho yake yameacha sifa zako.

Maombi ya chuo cha Marekani, au makala inayokwenda kwenye jarida la huko: ya Marekani yote, nukta ndani, mkato kabla ya and, tarehe kwa mtindo wao. Vyuo vyao mara nyingi hutaja mwongozo kwa jina, APA, MLA au Chicago. Ukitajiwa, acha kunisikiliza mimi, fuata huo.

Maelezo ya wageni, mabango, kadi za vyumbani: ya Uingereza, na ndani yake mambo mawili niliyoyaazima kwa macho wazi. Alama za mtajo mbili mbili kwa sababu ya ng', na mkato kabla ya and kwa sababu ya wale madereva wa maziwa. Huo ndio mchanganyiko wangu, na mtu wa kanuni akinikuta nao hana pa kunishika, maana vyote viwili vinapatikana Uingereza kwenyewe.

Kilicho kibaya ni kuchanganya bila kujua: ukurasa wa kwanza Mr, wa pili Mr. tena. Kabla ya kuanza kuchapa fungua sehemu ya lugha kwenye programu, chagua Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani kwa karatasi nzima, na ndani ya mipangilio ya sarufi utakuta pa kuiambia Word kama unataka ule mkato wa Oxford au hutaki. Dakika mbili. Ile mistari ya kutisha inapungua yenyewe, na inayobaki inakuwa ya makosa ya kweli.

Kijana alirudi jioni saa kumi na mbili, nikiwa nashusha mlango. Nikamwuliza jambo ambalo lilipasa kuwa la kwanza: wageni wako wengi wanatoka wapi?

Akafikiri. "Wengi Wajerumani, dada. Na Wafaransa kiasi."

Nilicheka mpaka nikakaa. Mjerumani kwao nukuu anaifungulia chini, kwenye mstari wa nukta, anaifungia juu. Mfaransa anaweka vipembe viwili viwili na anaacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza. Hao wote wanasoma Kiingereza kama sisi, kwa kujifunza, na nukta iwe ndani au nje wao watataka kujua njia ya kuingilia pangoni na bei.

Tukaiacha nukta nje. Tukaandika 4 November 1914 kwa ukamilifu wake, tukatoa ritifaa kwenye bat's, nikampa kopi kumi. Mlangoni akageuka. "Na yule Mmarekani akirudi?"

"Mpe kalamu nyeusi."